Jina la Binti Yangu, Sura ya Mwingine

Ndugu wazazi, nanyi wageni wetu mliopanda leo kutoka ziwani: mwenyekiti amenitambulisha kuwa mzazi aliyeshinda. Kabla sijasema lolote naomba kumbukumbu za kikao zisahihishwe. Aliyeshinda ni binti yangu. Mimi ndiye niliyekaribia kumpoteza. Katibu aandike hivyo, kisha tuendelee.

Nilifanya kazi ya masjala hadi nilipostaafu. Wengi wenu mlisimama mbele ya dirisha langu mkitafuta majalada yenu, na wapo niliowarudisha nyumbani kwa sababu ya herufi isiyosomeka au muhuri uliopigwa pembeni. Sikuwahi kupoteza jalada hata moja. Sisemi hilo kwa kujisifu. Nalisema mpate kuelewa aliyedanganywa alikuwa mtu wa namna gani.

Binti yangu wa mwisho alimaliza kidato cha nne akiwa na alama nzuri za Kemia na Baiolojia. Alitaka kusomea famasia, na sababu yake naijua kwa kuwa nilikuwepo. Dada yangu ameolewa ufukweni, kwa wavuvi, na anasumbuliwa na shinikizo la damu. Siku moja tulikwenda kumwona tukamkuta ameketi kizingitini, hawezi kunyanyua kichwa. Dawa aliyopewa hospitali ilikuwa nyeupe, na aliyonunua dukani ilikuwa ya njano. Muuzaji hakumwambia kwamba ni dawa ileile, naye akawa anameza zote mbili kila asubuhi. Binti, wakati huo yuko kidato cha pili, alisoma maandishi madogo ya pakiti zote mbili akasema, "Shangazi, hizi ni moja."

Dada yangu akacheka kwa shida. "Moja vipi, mwanangu, na rangi ni mbili?"

Tangu siku hiyo hatukusikia habari ya kazi nyingine nyumbani kwetu.

Dirisha la maombi ya vyuo lilipofunguliwa, alinijia na simu mkononi. "Baba, naweza kuomba mwenyewe. Ninajaza namba yangu ya mtihani, wananitumia namba ya siri, basi."

"Maombi ya chuo hayajazwi kwenye kitu cha kupigia soga," nikamjibu. "Yanapelekwa, yanapokelewa, yanasainiwa."

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka. Yaliyofuata yalikuwa ni kuporomoka tu.

Hapa mjini palikuwa na bwana mmoja mwenye ofisi ya kuwasaidia waombaji. Simtaji jina, shauri lake liko mikononi mwa wanaohusika. Nilipoingia alisimama, akaniamkia, akaniwekea kiti chenye mto. Mezani palikuwa na majalada yaliyofungwa kwa kamba, na kando yake daftari la dispachi, lile refu ambalo serikalini tuliandikia kila karatasi inayoingia na kila inayotoka. Sikuwa nimeliona tangu nistaafu. Alizihesabu nyaraka zetu kwa sauti, moja baada ya nyingine: hati ya matokeo, cheti cha kuzaliwa, picha. Akaandika tarehe na saa, akanigeuzia daftari nisaini. Nilisaini kwa furaha kama mtu aliyerudishwa kazini.

"Na namba ya simu, mzee wangu?" akauliza. "Mfumo unadai namba moja ya kutumiwa ujumbe. Tuweke ya ofisi, usisumbuliwe?"

"Weka ya ofisi."

Hivyo ndivyo nilivyokabidhi ufunguo pamoja na nyumba. Wala sikukabidhi kwa siri. Nilimsimulia mke wangu jioni ile kwamba nimepata kijana anayeijua kazi.

Tulikuwa katika uchumaji wa kahawa, kwenye shamba la marehemu baba yangu huko Maguu, na kila Jumatatu nilishuka mjini kuulizia. Jibu lilikuwa lilelile: "Faili liko juu, mzee."

"Juu wapi, baba?" binti aliniuliza.

"Juu ni juu."

"Wenzangu wawili wameshapata ujumbe. Mimi hata namba ya siri sina."

"Wenzako watapata ujumbe. Wewe utapata barua."

Na barua ikaja. Ilikuwa na kichwa cha chuo, kumbukumbu namba, sahihi ya wino wa bluu na muhuri ulionyooka. Niliikagua mara mbili. Mara ya pili niliona kwamba tarehe yake ilikuwa Jumapili. Naomba mnisikie vizuri: niliona. Mtu aliyekaa masjala maisha yake yote anajua ofisi haitoi barua Jumapili. Nikajiambia kwamba msimu wa udahili una kazi nyingi, nikaiweka barua kwenye jalada na kufunga kamba.

Binti hakufurahi nilivyotarajia. Alisema, "Baba, mbona hawajaandika nifike lini?" Nikamwambia ashukuru kwanza, maswali baadaye.

Siku mbili baada ya hapo, mchana, alinifuata shambani. Alikuwa amepanda bodaboda kutoka mjini. Alisimama katikati ya mistari ya mibuni, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema hakuniamkia. "Baba, twende ukaone."

Alinipeleka steshenari moja karibu na soko. Dada wa pale alikuwa ametafuta kwa namba ya mtihani ya binti, akaacha kompyuta wazi, akiitazama kama mtu anayechunga nyoka asitoroke. Nilivaa miwani. Lilikuwepo jina la binti yangu, majina yote matatu. Ilikuwepo tarehe yake ya kuzaliwa, na namba yake ya mtihani. Jina langu liliandikwa mahali pa mzazi, halikukosewa hata herufi. Juu ya hayo yote palikuwa na picha ya msichana nisiyemjua. Alikuwa wa umri uleule, amekaza macho mbele kama anayesubiri kuitwa. Chini yake iliandikwa kwamba amechaguliwa kusomea famasia katika chuo kilicho mbali sana na huku, na kwamba amekwisha kuthibitisha.

"Mzee, huyu ni ndugu yake?" dada wa steshenari aliniuliza kwa upole.

Binti alijaribu kujisajili upya hapo hapo. Mashine ilijibu kwamba namba hiyo imeshatumika.

Nilikwenda moja kwa moja kwa yule bwana. Nilidhani nitakuta mlango umefungwa. Ningalishukuru ungalifungwa. Alikuwepo, akasimama vilevile, akaniamkia vilevile. Nilimweleza nilichokiona. Hakukana. Alivuta daftari la dispachi, akalifungua pale pale, akaweka kidole.

"Sahihi hii ni ya nani, mzee wangu?"

"Yangu."

"Soma mstari wa juu yake."

Palikuwa na mstari ambao siku ile sikuusoma, mimi niliyewarudisha watu nyumbani kwa ajili ya herufi. Ulisema kwamba mzazi amekabidhi nyaraka kwa hiari yake, zitumike kama ofisi itakavyoona inafaa.

"Ukienda polisi," akasema, bila kupandisha sauti, "wataanza na hii. Mzazi aliyeuza cheti cha mwanawe. Tena mtumishi mstaafu. Rudi nyumbani mzee, presha isije ikakupanda. Mwakani tutamtafutia binti jina jingine."

Ndugu zangu, aliyasema hayo kama mtu anayezungumzia kubadilisha sare ya shule.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo mke wangu aliniomba niiruke. Sitairuka. Nilirudi nyumbani nikanyamaza. Siku nne sikusema. Nilimwambia binti kwamba mwaka mmoja si mwingi, akae, atulie, tutaona. Sikuwa namlinda yeye. Nilikuwa nalinda heshima yangu kwa watu wanaonisalimu njiani. Nilikuwa tayari mwanangu aishi bila namba yake ili mimi nisiketi benchi la polisi.

Siku ya nne alikuwa akianika kahawa kwenye mkeka. Alisema bila kunitazama, "Huyo aliyeko chuoni atamaliza, baba. Atavaa koti jeupe, atapewa dirisha la dawa. Siku atakapompa mtu dawa itakayomuua, jina litakaloandikwa ni langu."

Niliinama nikaokota punje iliyoanguka nje ya mkeka.

"Na mimi wakati huo nitakuwa nani?"

Aliendelea kugeuza kahawa kwa mkono, taratibu, punje zilizo chini akizileta juu.

Niliingia ndani, nikachukua karatasi, nikaandika taarifa dhidi yangu mwenyewe. Niliandika siku, saa, nilichokabidhi, nilichosaini bila kusoma, tarehe ya Jumapili niliyoiona nikaifumbia macho, na zile siku nne. Nilitengeneza nakala tatu.

Ya kwanza tuliipeleka kwa mkuu wa shule aliyosoma binti, mtawa. Alisoma hadi mwisho, akavua miwani. "Baba, umechelewa siku nne."

"Nimeandika hapo, Sista."

"Nimeona. Ndiyo maana nitakusaidia." Akafungua kabati, akatoa fomu ambayo binti alisajiliwa nayo kufanya mtihani, yenye picha yake na namba yake, imegongwa muhuri wa shule juu ya picha.

Nakala ya pili niliipeleka polisi. Niliketi benchi tangu asubuhi hadi alasiri, na watu niliokuwa nikiwahudumia walipita wakinitazama. Askari mmoja alisoma taarifa yangu, akamwita mwenzake. "Njoo umwone mzee anayejishtaki. Wengine tunawafukuza hadi machimboni Ngaka, huyu kajileta na nakala." Walicheka. Nami nilistahili kuchekwa. Lakini walifungua jalada.

Ya tatu ilikwenda kwa ofisi inayosimamia udahili. Mama mmoja wa ofisi hiyo alinipigia simu. Aliniuliza swali moja tu: "Mzee, uko tayari ibaki kwenye kumbukumbu kwamba ulimkabidhi wewe, kwa mkono wako?"

Kumbukumbu nilizozitunza miaka yote zilikuwa za watu wengine. Nikasema, "Iandikwe."

Katika siku zile za kungoja, simu yangu iliita kwa namba nisiyoijua. Sauti ya mwanaume iliniamkia kwa adabu, kisha ikauliza, "Binti yako akitoka misa ya kwanza huwa anapita njia ipi, ya sokoni au ya bondeni?" Ikakata. Tangu hapo hakutembea peke yake. Vijana wa jumuiya yetu walikuwa wakimsindikiza, wakijifanya wana safari zao.

Zikiwa zimebaki siku mbili awamu ya mwisho ifungwe, namba yake ilifunguliwa. Alijaza maombi yeye mwenyewe, mezani kwetu, kwa simu yake. Mimi nilikaa upande wa pili, mikono nimeikunja. Mara moja nilitaka kusema kitu. Aliniangalia, nikakiacha. Namba ya siri ilikuja kwake, na hata leo siijui. Majina yalipotoka, aliingia chumbani kwetu alfajiri, akaniamkia, akasema, "Nimechaguliwa. Nimeshathibitisha." Sasa yuko mwaka wa kwanza, anajifunza kupima na kuchanganya, na ananiambia kwamba kosa dogo la kipimo lazima liandikwe na aliyelifanya. Nilimwambia hilo ni jambo jema.

Ninamshukuru Mungu. Ninamshukuru Sista, na yule mama wa udahili ambaye sijapata kumwona, na dada wa steshenari aliyekataa kupokea chochote. Ninawashukuru vijana wa jumuiya. Askari walionicheka nao nawashukuru, kwa kuwa baada ya kucheka walifanya kazi. Mke wangu alijua habari za zile siku nne, wala hakunisema kwa mtu.

Mwisho, yapo mambo ambayo sina jibu lake, nami sitayafunika ili ushuhuda upendeze. Yule msichana wa kwenye picha aliondolewa chuoni. Naye ni mtoto wa mtu. Sijui jina lake halisi, wala kama mzazi wake alijua, wala kama aliambiwa kwamba hivyo ndivyo inavyofanyika. Na yule bwana hajapatikana. Ofisi yake ilikutwa tupu, daftari ameondoka nalo, na ndani yake kuna sahihi za wazazi wengine. Juma lililopita, baada ya kutangazwa kwamba nitasema hapa, simu iliita. Nilipokea. Hakuna aliyesema, lakini nilisikia mtu akipumua.

Funzo langu ni fupi. Namba ya mtihani ya mtoto ni yake, na simu ya kupokelea ujumbe iwe yake. Usisaini usichokisoma, hata kama aliyekupa kalamu amekuita mzee wangu. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana siku nne ni nyingi.

Nakatisha hapo, kwa sababu maalumu. Kabla hatujaanza, mama mmoja aliye humu ukumbini alinieleza kwa furaha kwamba binti yake anaomba famasia, na kwamba amempata kijana mstaarabu, mgeni hapa, ambaye amechukua vyeti vyote juzi na kumwekea hadi namba ya simu. Sitamtazama nikisema haya, na nawaomba nanyi msimtafute kwa macho. Mama, sasa ni saa tisa na robo. Steshenari inafungwa saa kumi na mbili. Mchukue binti yako mwende sasa hivi, mkaangalie sura iliyo juu ya jina lake. Mlango uko wazi, nami nitawangoja nje niwasindikize.