Ubao wa Ndege pale Mwaloni

Kijiwe cha Matimba kipo Nyabulela, pale barabara ya kutoka Geita inapochoka na kuliachia ziwa. Kimeitwa Matimba kwa sababu benchi lake ni magogo yaliyong'olewa kwenye shimo la dhahabu lililokufa, yale ambayo wachimbaji hushikizia kuta zisiwaangukie. Wenyewe wanasema kama magogo hayo yaliweza kuzuia mlima, makalio yao hayayatishi. Kahawa anauza Theonest, Mhaya mpole asiyebishana na mteja, na kila asubuhi birika lake huzungukwa na watu walewale, wote wana shughuli za kufanya lakini si sasa hivi. Asubuhi hii, kama asubuhi zote tangu masika, mjadala ulikuwa ubao uliosimikwa ufukweni, karibu na mwalo ambako mitumbwi hushusha samaki. Umeandikwa kwa rangi ya kijani: ENEO LA NDEGE. TULITUNZE KWA UTALII.

Aliyesikiliza kwa masikio yote mawili alikuwa Mabula, Baba Limi. Ubao ulikuwa umesimikwa jirani kabisa na kiwanja alichoachiwa na mama yake. Siku ileile alipousoma alijua kinachokuja: uwanja wa ndege. Na uwanja ukija, fidia inatangulia. Akauza mtumbwi, akafyeka mafunjo, akakata mikuyu yote mitatu, akapandisha nyumba ya tegesha. Ukanda huu hakuna asiyeijua nyumba ya tegesha: haijengwi ikaliwe, inajengwa ihesabiwe na mthamini. Ya kwake ilikuwa na vyumba sita na mabati yanayong'aa mpaka visiwani. Mlango haikuwa nao. Na mthamini alikuwa hajaonekana.

— Hajafika tu? aliuliza Karasha, akijivutia kikombe. Kwao anaitwa Masalu, ila miaka yake kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, imemwachia sauti ya kumpigia kelele hata mtu anayegusana naye bega.

— Hajafika, alisema Mabula.

— Basi kuna mchezo.

— Mchezo gani tena?

— Hiyo habari ya watalii ni danganya toto. Mtalii na Nyabulela wapi na wapi? Aje aone nini, dagaa wakikauka? Wanataka pa kupakilia dhahabu. Jiwe asubuhi liko shimoni, mchana liko angani, soko la madini halijui, halijaona.

— Wewe kila kitu dhahabu, alisema Mheshimiwa.

Huyu ni Mwigulu. Aliwahi kugombea uenyekiti wa kitongoji, akapata kura ambazo mpaka leo anadai zilihesabiwa na watu wasiojua kuhesabu. Tangu hapo haongei, anahutubia.

— Ndugu zangu, mimi nilikaa mbele kwenye ule mkutano wa kutambulisha ubao. Bwana wa maliasili alisema nini? Namnukuu: ndege hawa wanatoka Ulaya, wanapita Misri, wanatua hapa Nyabulela, wanapumzika, wanaendelea kusini. Hiyo ni safari ya kuunganisha! Uwanja wa kimataifa huo, wanatuficha ukubwa wake ili fidia iwe ya uwanja mdogo.

— Alisema "hawa" au "hizi"? aliuliza Theonest, huku anasuuza vikombe.

— Theonest, yule ni Msukuma mwenzetu, kwake yote sawa. Tukianza kupanga hawa na hizi, mkutano utaisha saa ngapi?

Watu wakacheka. Theonest akarudi kwenye vikombe vyake.

— Na alisema wanakula, akadakia Karasha. Ndege kula ni kujaza mafuta. Kwa hiyo na sheli inakuja.

— Alisema wanakula samaki, Mabula alisema taratibu.

— Abiria, Baba Limi! Abiria ndio watakula samaki. Mtu katoka Ulaya na njaa yake, umpe nini, ugali wa udaga wa muhogo?

— Halafu alisema wengine wanataga hapahapa.

Hilo lilikuwa gumu kidogo. Mheshimiwa akapiga funda, akalizungusha mdomoni, akameza.

— Kutaga ni lugha ya ndani, alisema. Maana yake kushusha mzigo usio na karatasi. Ndege inataga, inaondoka, yai linabaki kwenu. Ndani ya yai kuna nini, mwananchi haambiwi.

— Taka za kwao, alisema Karasha.

— Au sokwe, alisema Mheshimiwa.

— Sokwe wanahusikaje?

— Wa kule kisiwani, kwenye hifadhi. Wanashusha sokwe wa plastiki, wanapakia wetu. Mtalii yuko mbali na darubini yake, atajuaje?

— Aisee! Na zile darubini unafikiri zinaangalia sokwe? Zinapima maji. Kuna nchi zina kiu, Mheshimiwa. Tutaamka siku moja ziwa limehamishwa, tumebaki na ubao.

Mabula alicheka pamoja nao, lakini kicheko hakikumshuka. Sokwe wa plastiki hawakumhusu. Alitaka mtu mmoja tu amwambie kwamba mthamini yuko njiani, kwa sababu mtumbwi wake sasa anavulia mtu wa Nkome, na nyumbani mboga imekuwa ya kuomba.

Hapo Hozefa akavuka barabara. Duka lake la vifaa vya ujenzi linatazamana na kijiwe; kaka zake wana maduka kama hilo Isaka na Tinde, lakini yeye alilipenda ziwa.

— Mwangaluka, wazee.

— Mwangaluka, Bosi Simenti. Kuna habari gani?

— Nduhu, hakuna. Mimi nauza simenti, habari siuzi. Akapokea kikombe, akamgeukia Mabula. Lakini wewe nilikwambia siku ile unachukua mabati. Subiri kwanza, nikasema. Huenda ni ndege wa kuruka tu.

— Kwani kuna isiyoruka? Karasha alinguruma.

— Wa manyoya, bwana! Korongo. Yangeyange.

Benchi zima lilitikisika kwa kicheko. Mheshimiwa alilazimika kuweka kikombe chini.

— Ngoja nikuelewe, Hozefa. Mzungu mwenye akili zake apande ndege, avuke bahari, aje Nyabulela kuangalia ndege?

— Mimi nimesema huenda.

— Na serikali iandike ubao kwa ajili ya korongo? Korongo anajua kusoma?

— Mabula, mwangalie vizuri huyu, alisema Karasha. Muuza simenti anayekukataza kununua simenti, huyo ana jambo lake. Anakitaka kiwanja.

Hozefa akatingisha kichwa, akanywa kahawa yake. Watu wa ukanda huu wa dhahabu wametapeliwa na mzani, wametapeliwa na mkataba, wametapeliwa na mganga aliyewaonyesha mwamba usio na kitu. Wamefikia mahali ambapo mtu akiwaambia neno kama lilivyo, humwona ndiye mwizi mkubwa kuliko wote.

Mabula naye alimtazama Hozefa kwa jicho hilo. Ila neno "manyoya" lilimkwama mahali. Alikumbuka siku alipoangusha mkuyu wa mwisho. Juu yake kulikuwa na kelele na mabawa, kinyesi cheupe kikamdondokea begani, na Mbuke mkewe alikuwa amesimama na beseni la dagaa kichwani.

— Baba Limi, alisema Mbuke, sasa ndege watatua wapi?

Naye, shoka mkononi na jasho usoni, alimjibu kwa furaha:

— Usiwe na hofu, Mama Limi. Watamwagiwa lami.

Mbuke alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mtu anayeweweseka kwa malaria. Kisha akaenda zake. Tangu siku ile anazungumza naye habari za chumvi na kuni tu. Mabula alidhani mwanamke huyo hapendi maendeleo.

Bodaboda ilisimama mbele ya kijiwe. Akashuka binti mwenye buti za matope na darubini kifuani.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, walijibu wote, na Karasha akajitahidi kunong'ona, jambo asiloliweza:

— Mthamini huyo! Simama, Baba Limi!

— Namtafuta Baba Limi, alisema binti. Naitwa Juliana, nimetoka Mwanza.

Mabula alikuwa ameshasimama, anajifuta viganja kwenye suruali. Leo angekuwa na la kumwambia Mbuke! Angerudi nyumbani kifua mbele, na mtumbwi mpya.

— Ni mimi, mwanangu. Karibu sana. Nyumba umeiona?

— Nimeiona.

— Ina vyumba sita.

— Haina mlango, baba.

— Mlango uko njiani.

— Sawa, alisema Juliana, asielewe mlango umeingiaje kwenye maongezi. Baba, mimi natembeza watalii. Nimewaacha wageni wangu kwenye gari, ofisi ya kijiji. Mwaka jana nilipita na mtumbwi hapo mbele ya kiwanja chako, nikapiga picha mikuyu mitatu imejaa korongo mpaka majani hayaonekani. Wageni wameiona picha, ndiyo maana wamekuja. Na maliasili waliniambia mikuyu ni ya Baba Limi, ni mtu mzuri, kila msimu yeye na mkewe wanaweza kuwapokea wageni wetu, wawapikie samaki, wakae kivulini.

Hozefa aligeukia upande wa ziwa, ambako mabati aliyomuuzia Mabula yalikuwa yanameremeta.

— Sasa nimezunguka ufuko wote asubuhi hii, mikuyu siioni, aliendelea Juliana. Naomba mnielekeze tu, wazee wangu. Ndege wako wapi?

Karasha aliinama kufunga kamba ya kiatu. Mheshimiwa alichunguza ukucha wa kidole gumba kama una maandishi. Hawa ndio watu waliojua ziwa litahamishwa vipi na sokwe watapakiwa wapi.

— Mke wangu aliniuliza hivyohivyo, alisema Mabula.

— Eeh? Juliana alitabasamu, akiona sasa anapata mwanga. Ukamjibuje, baba?

Mabula alimnyooshea Theonest kikombe, apate angalau kitu cha kuweka mdomoni. Theonest akainamisha birika. Yakatoka machicha matupu.