Kikapu cha Watu Wawili

Funga mlango kwanza, Theonest, kisha njoo ukae hapa chini karibu na miguu yangu, na wewe Limi sogeza kigoda uniegemeze mgongo, maana leo maneno ni mengi kuliko pumzi. Washa hiyo redio, si kwa nguvu, sauti iishie dirishani. Haya. Nisikilizeni wanangu, nitasema mara moja tu, na nikinyamaza asiniulize mtu "Bibi ulisemaje?" kama kwamba alikuwa porini anachunga.

Miaka yote mmenijua kwa ulimi, kwa hofu hamjanijua, basi leo nijueni: ninaogopa. Siogopi kufa. Kifo nimekiona kwa karibu, kilimchukua babu yenu, kikamchukua Mabula, baba yako wewe Limi, na mimi namshukuru Mungu nakufa kwa kifua, kitandani pangu, si kwa panga kama wazee wenzangu waliohukumiwa uchawi kwa macho mekundu, macho ambayo sote tuliyapata jikoni kwa moshi wa samadi. Ninachoogopa ni kwamba ninawaacha ninyi wawili ndani ya nyumba hii mna mali, na kununua dagaa hamjui.

Cheka, Theonest, cheka tu, mume wangu wa kugawana na mjukuu. Uliporudi kutoka machimboni mwezi uliopita, ukayatwanga yale mawe ya mgawo wako ukakuta ulichokikuta, ukaja kuninong'oneza sikioni kama mtu anayeposa, nilikwambia nini? Nilikwambia usimwambie mtu, hukumwambia mtu, na kwa hilo nakusifu. Siri tunayo watatu. Mmeificha wapi sijui, wala msiniambie, kwa sababu mgonjwa wa homa huweweseka, na jana usiku nilijisikia mwenyewe nikiongea na marehemu mama yangu. Siku nitakayoanza kuongea na wasiokuwepo, toeni watu wote chumbani. Semeni ninaugua ugonjwa wa kuambukiza, semeni chochote.

Lakini mnadhani siri inatokea mdomoni. Haitokei mdomoni. Inatokea kikapuni.

Miaka ile nilipokuwa nauza uji machimboni, jirani yangu alikuwa kijana mmoja aitwaye Kalisti, na mkewe Euphrasia, binti mpole ambaye hata akikanyagwa huomba radhi yeye. Kalisti alipata. Alipata vizuri, na alikuwa na akili, akaendelea kuvaa shati lile lile lililochanika mgongoni, akaendelea kushuka kwenye duara, shimoni kule, alfajiri pamoja na wenzake, akaendelea hata kuomba sigara. Mkewe naye hakufungua mdomo kwa mama yake mzazi. Ila siku ya gulio, yule binti aliyezoea kupimiwa mafuta ya kula kwenye chupa ya soda akanunua kopo zima, na sukari akachukua kilo badala ya robo. Basi, si kingine. Muuzaji akamtania, "Wee Euphra, kwani leo mnaozesha?" Akacheka, na waliosimama nyuma yake wakacheka, na katika waliocheka yumo aliyekwenda kuwaambia watu wake. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu jioni tulikuwa tunawazika wote wawili kwenye kaburi moja, kwa kuwa hapakuwa na ndugu wa karibu wa kuchimba la pili, na mimi niliyeingia kufagia ile nyumba nililiona kopo jikoni, limechotwa vijiko vichache tu.

Wahenga walisema maskini akipata matako hulia mbwata, na watu hudhani ni maneno ya kumcheka maskini. Si ya kumcheka. Ni ya kumwonya kwamba mlio huo unasikika.

Gulio lina macho, wanangu. Yule Mama Blessing anayeuza dagaa pale mwanzoni anajua nyumba gani ina mgeni, nyumba gani ina mimba, na nyumba gani mume amehama, na hajaingia hata moja, anasoma vikapu tu. Si mwanamke mbaya. Mdomo wake ndio hauna mlango.

Sasa wewe Limi, ng'wanone, mwanangu, Jumanne umekwenda kununua kuku. Najua ni kwa ajili yangu, ili nipate supu, na supu nimeinywa, ilikuwa tamu, na kila nilipomeza nilihisi nameza shingo yako. Kuku, katikati ya wiki, katika nyumba ambayo tangu kiangazi inaonekana na nsansa, majani makavu ya kunde, na ugali! Jumatano Mama Blessing huyo hapa, "Shikamoo Mama Mabula, nimekuja kukupa pole," pua imetangulia mguu. "Mh, nasikia harufu ya supu, wajukuu wanakutunza!" Nikamjibu, "Hiyo si supu mwanangu, hiyo ni baiskeli. Theonest amepata mtu wa kuinunua, amepewa kidogo kwanza, Jumamosi anaikabidhi." Akapiga makofi ya huruma, akaondoka. Niliona ameridhika.

Na jana Alhamisi, mlipokuwa shambani, akaja mwanaume nisiyemjua, kavaa koti kwenye jua hili, akaomba maji. Nikamwelekeza mtungi. Alichota akashika kikombe, hakunywa. Alikuwa anatazama jalalani, yalipo manyoya ya kuku. Akaniuliza, "Bibi, hapa mnaishi wangapi?" Nikamwambia tunaishi wenye njaa. Akacheka, akarudisha kikombe kikiwa kimejaa, akashika njia ya machimboni. Tangu hapo sijalala. Huenda ni mpita njia. Huenda. Lakini nitakufa bila kujua, na ninyi hamna ruhusa ya kungoja mpate kujua.

Kwa hiyo Theonest, baiskeli iuzwe. Usinitazame hivyo. Najua unaipenda, umeifunga riboni kwenye usukani kama bibi harusi. Kesho ipeleke gulioni mbele ya macho ya Mama Blessing, useme yule mnunuzi wa kwanza amegeuka, na upiganie bei mpaka sauti ikauke, ukubali, ukatae, uondoke, urudi, maana mtu asiyebishania bei ana kitu nyumbani. Na manyoya yale yafukieni leo hii kabla jua halijazama.

Gari la kukodi la kunipeleka hospitali ya Kolandoto sitaki kulisikia tena. Waganga wa kule ni hodari, lakini hawatibu umri. Na gari likisimama mlangoni kwangu, kijiji kizima kitauliza nauli imetoka wapi, na mimi sipandi gari la kuwafikisha ninyi kaburini.

Nipe maji. Kidogo. Hapo panatosha.

Sasa kikapu. Limi, sikiliza hapa kuliko mahali pengine popote. Leo tunakula watatu, nikiondoka mtabaki wawili, na hilo ndilo litakalokuponza, kwa sababu mkono wako umezoea kununulia watatu, na ukiendelea hivyo mtu atajiuliza wa tatu ni nani. Juma lile lile la baada ya matanga, punguza. Dagaa kopo moja, si moja na nusu. Nyanya mafungu mawili, yale yaliyolala, yanayouzwa jua likishakwenda. Kitunguu. Chumvi ikiisha, siyo kabla. Mafuta ya kula ya kupimiwa, na mafuta ya taa ya kupimiwa, na sabuni kipande, usije na mche mzima hata siku moja. Sukari robo, na juma la mwisho wa mwezi usinunue kabisa, kunyweni chai na matobolwa, viazi vyetu vya kukausha. Unga sagisheni nusu debe, msipeleke debe zima mashineni. Dagaa wa Jumamosi wafike Alhamisi, Ijumaa mle nsansa, na Ijumaa hiyo ndiyo upikie nje, majirani waone.

Hela ya juma itenge yenyewe kwenye ncha ya kanga, na hiyo tu ndiyo uende nayo. Usibebe zaidi ukijidanganya kwamba hutaitoa. Mkono ulioshika hela hunyooka wenyewe. Ikiisha kabla hujanunua vitunguu, rudi bila vitunguu, na ukifika kwa jirani uombe kimoja. Nimefanya kazi jikoni kwa mama mmoja wa Kihindi kule Tinde, Nurjahan jina lake, mumewe alikuwa na maduka mawili, na kila juma mama yule alisimama juani kubishania bamia mpaka wauzaji wakamwita bahili. Aliitikia. Amezeeka kwenye nyumba yake, na milango yake haikuvunjwa hata mara moja.

Mtasema, Bibi, basi mali ina faida gani kama tunakula kama jana? Faida ni kwamba mtakula na kesho. Vumilieni mpaka mihogo ya bondeni ivunwe. Baada ya hapo semeni maisha yamewashinda, mnarudi kwa akina Theonest kulima. Ondokeni mchana, kwa aibu, godoro kichwani, mkiaga kila mlango. Mtu anayeondoka kwa kushindwa hafuatwi na mtu.

Nyumba hii ni ya Limi. Mjumbe anajua na katekista anajua, nimewaambia nikiwa na akili zangu. Shamba la bondeni ni la Limi. Mbuzi wako watatu. Wawili wauzwe, sanda na mbao za jeneza zitoke hapo, na watu waone kwamba zimetoka hapo.

Deni ninalo moja, dagaa wa Mama Blessing, makopo mawili. Najua deni la marehemu hulipwa kabla udongo haujakauka. Langu msilipe hivyo. Mlipeni nusu kopo, kisha nusu, na mara moja mcheleweshe kabisa, akutukane mbele za watu, nawe Limi uiname. Kwa Mungu nitajieleza mwenyewe.

Na Donatus. Mdogo wangu yule atakuja kutoka Shinyanga na tumbo lake na fimbo yake, atadai ng'ombe wa msiba, atasimama uwanjani aseme, "Dada yangu mnamzika kama mtu asiye na watu!" Msimjibu. Theonest, wewe una damu ya haraka, utataka kumwonyesha kwamba unaweza. Ukimwonyesha Donatus, umeionyesha Geita nzima.

Sikilizeni, maana hapa ndipo pagumu, na pumzi... ngoja.

Mimi nimepika kwenye misiba ya watu maisha yangu yote. Nimebeba masufuria ya wali, nimetoa kuku wangu, nimetoa mchele niliouficha kwa ajili ya Pasaka. Na siwafichi, nilikuwa nikijiambia, siku yangu na mimi watu watakula washibe, watasema leo kafa mtu. Nilitaka hivyo. Nilitaka sana. Sasa nawaambia, msipike wali. Mbuzi yule wa tatu atatosha siku ya kuzika, mchuzi uwe mwembamba. Siku zinazofuata ni ugali na maharage, na maharage yenyewe mkakope. Ndiyo, kopeni. Mnayo hela, kopeni hivyo hivyo. Limi, chukua sufuria tupu, pita nyumba kwa nyumba, useme Bibi amefariki na hatuna cha kuwapa watu. Wasikie. Watanisema. Watasema Mama Mabula alikuwa na mdomo mrefu, kumbe hata maharage ya kumzikia hakuwa nayo. Waacheni waseme. Mwanaume wa koti naye atakuja kwenye msiba, watu wa namna yake hupenda misiba, atakula, ataangalia sahani yake. Mwacheni aiangalie. Nataka aione ile sahani, na arudi alikotoka akiwaambia wenzake, kule hamna kitu.

Nilale nikisemwa. Ninyi mlale mkiwa hai.

Nishike mkono, Limi. Huo mwingine. Theonest, umpende... usimwache aende gulioni peke yake akiwa na furaha. Mtu mwenye furaha hununua ovyo.

Nini kinatembea nje? Ni mbuzi wale? Sawa... ni mbuzi.

Inameni niwaguse vichwa. Mungu wa baba zangu awafunike, awapitishe katikati ya watu kama upepo unavyopita, wasiwaone. Awape watoto wanene, muwaambie wananenepa kwa uji. Awafikishe mahali ambapo mtanunua mtakacho mchana kweupe, na mtu asigeuke kutazama. Amina... semeni amina. Kwa sauti ya chini.

Na nikienda, Limi... ng'wanone... chakula kiwe kidogo, jeneza la mbao za bei ndogo, nguo hii hii niliyovaa. Lakini kulia, lieni. Lieni mtakavyo, mpaka Tinde wasikie. Kilio... hicho hakuna atakayeuliza mmekipata wapi.