RISALA YA WAKAZI WA NAMGOGO KUHUSU MHANDISI ALIYESIMAMISHA ROKETI

Mgeni rasmi, karibu Namgogo. Viongozi uliofuatana nao, wataalamu wa kituo cha kurushia roketi, masheikh, wachungaji na wazee wetu, tunawasalimu. Sisi wakazi wa kijiji hiki, wakulima wa korosho na muhogo na wachokoaji wa pweza, tumekubaliana maneno yafuatayo yasomwe mbele yako na katibu wetu, Mwanaisha Sudi, kabla hujaweka jiwe la msingi la uwanja mpya wa kurushia.

HISTORIA

Wataalamu walipokuja mara ya kwanza walitueleza kuwa nchi isiyoweza kurusha setelaiti yake yenyewe hupanga foleni kwa wenzake, na foleni hiyo haina mwisho. Wakasema wamechagua hapa kwa sababu mbele yetu, upande wa mashariki, ni maji matupu. Tuliwauliza mengi, nao walijibu kwa subira. Mwishowe tuliitoa mikorosho ya upande wa kusini, na familia zilizokuwa huko zikahamia karibu na barabara. Leo hatusemi kwamba tulilazimishwa.

MAFANIKIO

Roketi ya kwanza ya majaribio ilipaa mwezi wa Agosti, nasi tuliiona kwa macho yetu. Barabara ya kutoka Mtwara mjini sasa inapitika masika na kiangazi. Vijana wetu kadhaa wameajiriwa kituoni. Umeme umefika msikitini, kanisani na shuleni. Haya tunayashukuru.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tunayo changamoto moja, na inabidi tuieleze tangu mwanzo wake.

Roketi ile haikupaa siku iliyopangwa kwanza. Awali ilikuwa iruke mwezi wa Juni, siku ya Alhamisi. Baadaye ikarudishwa nyuma kwa siku moja, hadi Jumatano, kwa sababu ya upepo. Gari la matangazo lilitumwa kuja kutuarifu, likanasa mchangani kabla ya kufika upande wetu. Jumatano hiyo ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali sana, na Mwanakombo na wifi yake Zawadi walikuwa mwambani wakichokoa pweza. Hawakujua lolote.

Baharini kulikuwa kumekaguliwa. Vyombo vyote viliondolewa. Lakini mtu anayetembea kwa miguu mwambani haonekani kwenye mitambo inayotafuta vyombo. Aliyewaona ni Mhandisi Beatrice, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa ruhusa ya mwisho. Aliwaona kwenye kamera, wameinama, akasimamisha hesabu ya kurusha.

Yaliyosemwa katika chumba cha kuongozea roketi tuliyapata kwa Fredi, mwenzetu anayefanya kazi ya udereva wa boti kituoni, ambaye alikuwa ameitwa humo. Mkubwa mmoja alimweleza Mhandisi kwamba wanawake wale wako mbali, pengine hawatadhurika, na kwamba upepo hautasubiri. Akamuuliza kama ana uhakika na anachokifanya. Akamuuliza tena.

Mhandisi alijibu, "Kuna watu mwambani. Wakiwa pale, mimi siruhusu."

Kisha akamtuma Fredi na boti awafuate. Mwanakombo alidhani ni watu wa hifadhi ya bahari wamekuja kumkamata, akakimbia na tenga lake mpaka maji yakamfika kiunoni. Fredi ilibidi amwite kwa Kimakonde ndipo akasimama. Walipofikishwa nchi kavu upepo ulikuwa umeshageuka, na shughuli ikaahirishwa.

Mgeni rasmi, nawe ulikuwepo siku hiyo, hemani, pamoja na mabalozi. Uliondoka bila kuona kitu. Hatukupata nafasi ya kukueleza ni kwa nini.

Kabla ya roketi kurushwa Agosti, Mhandisi Beatrice alihamishwa. Tuliambiwa ni uhamisho wa kawaida, naye yuko ofisini Dodoma anashughulika na manunuzi. Mwanakombo alimpelekea pweza mkavu siku ya kuondoka kwake. Anasema alimkuta akifunga mizigo, akamwomba radhi kwa kumponza. Mhandisi akamwambia, "Mama, hukuniponza. Nilifanya kazi niliyoajiriwa kuifanya."

Agosti kila kitu kilikwenda vizuri, ila kipande cha ganda la roketi hakikufika kilikokusudiwa. Wataalamu walikuwa wametueleza kuwa ganda lingeanguka mbali baharini. Maji yalipotoka kesho yake tulikikuta kipande hicho mwambani, kirefu kupita mtumbwi, kimevunja matumbawe pale wanawake wetu wanapochokoa. Zawadi alikiangalia, akarudi nyumbani, na hadi leo hajaenda tena pwani. Hatumlaumu mtu kwa hilo. Siku hiyo tulikuwa tumearifiwa, na mwambani hapakuwa na mtu.

MAOMBI

Tulipoanza kuandika risala hii tulikuwa na maombi mengi: zahanati, kisima, gati la boti. Katika mkutano wa kijiji Mwanakombo alisimama akasema kisima kitaombwa mwakani. Tukakubaliana tuombe jambo moja.

Tunaomba Mhandisi Beatrice arudishwe kwenye kiti chake, kwa cheo chake. Kama yeye mwenyewe hataki tena kurudi, tutaelewa. Basi atakayekaa pale aambiwe kwa maandishi kwamba akiona mtu na kusema hapana, hapana yake inatosha, hata kama hemani wamekaa wageni wakubwa.

Roketi inayokuja tumeambiwa ni kubwa zaidi, na itabeba setelaiti yetu wenyewe. Tunataka ipae. Sisi tutakuwa hapa hapa chini yake, na watoto wetu.

Mgeni rasmi, Mungu akurudishe salama kwa familia yako, ailinde kazi ya mikono ya wataalamu wetu, na amkumbuke Beatrice popote alipo.

Ni sisi,
Wakazi wa Kijiji cha Namgogo, Mtwara.