Mpira wa Dakika ya Themanini na Nane

Jumamosi, tarehe 9 Septemba 1989, saa kumi na moja na dakika arobaini na moja jioni, katika uwanja wa mpira mjini Bunda, mpira uliopigwa kutoka kona ya kushoto uliingia katika goli la timu ya vijana wa Butiama, na golikipa aliyekuwa golini, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa baba yangu, Florian Mugeta, ambaye mwili wake uko hapa mbele yenu. Najua desturi inataka tuanze na kuzaliwa, na kuzaliwa kwake nitakusoma sasa hivi, lakini wengi mliokaa chini ya maturubai haya mlianza kumfahamu dakika ile, na wapo waliomfahamu kwa dakika ile tu, kwa hiyo nimeona si haki niifiche katikati ya karatasi.

Baba Paroko, wazee, majirani wa Bweri na ndugu wa Butiama, mimi ni Hilda, mtoto wa pili wa marehemu. Historia hii ilipaswa kusomwa na Baba Mkubwa Bonifasi, kaka yake marehemu na mkubwa wa familia yetu, naye ameniomba niisome kwa niaba yake.

Marehemu alizaliwa hapa Butiama, katika boma hili, tarehe 17 Machi 1966, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto saba wa Mzee Mugeta na Mama Matrida, wote sasa ni marehemu. Kitambulisho chake cha taifa kinasema 1 Julai 1967, lakini kadi ya ubatizo inasema Machi, na Baba Mkubwa, aliyekuwa na miaka mitatu wakati huo, anasema aliambiwa mvua ya masika ilikuwa imeshaanza, kwa hiyo nimefuata kadi. Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 na kumaliza la saba mwaka 1980, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akabaki nyumbani akichunga, akilima mtama na mihogo, na jioni akicheza mpira na kaka yake, yeye golini na kaka yake beki, kiasi kwamba watu walisema kumfunga Butiama lazima uwafunge watoto wa Mugeta wote wawili.

Mzee Mugeta alifariki tarehe 2 Novemba 1988, akaacha wadogo watano ambao hakuna aliyekuwa amemaliza shule, na mzigo huo ukamwangukia Baba Mkubwa akiwa na miaka ishirini na mitano, asiye na kazi. Nalitaja hili kwa sababu miezi kumi baadaye, siku ya fainali ile ya Bunda, Butiama dhidi ya wenyeji, kwenye kiti cha mbele alikaa bwana mmoja kutoka kiwanda kimoja cha mjini Musoma, na kila mchezaji alijua kwamba amekuja kuchagua wa kumpa ajira, kwa kuwa zama zile kiwanda kikikutaka kwa mpira kilikupa na kazi.

Nimewauliza watu saba walioiona fainali hiyo, na wote wamenisimulia kana kwamba imechezwa juzi. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe, lililofungwa kwenye mti nyuma ya goli, vijana wa Butiama walikwenda kwa lori la pamba wakiwa na kamba yao ya kumkokotea dume wakati wa kurudi, matokeo yalikuwa moja moja, jua lilikuwa machoni mwa watazamaji na vumbi lilikuwa jingi. Watano kati ya saba wanasema ilikuwa dakika ya themanini na nane, mmoja anasema themanini na tano, na mmoja hakumbuki dakika ila anakumbuka kwamba alikuwa anakula muwa. Kona ikapigwa, kipa akaruka, mikono ikaonekana juu ya vichwa vyote, kisha mpira ukaonekana ndani ya wavu. Bunda wakaondoka na dume, Butiama wakarudi na kamba. Kwenye lori mtu mmoja akasema kipa wetu kabla ya mechi alikulaga mlenda akasahau kunawa utelezi mikononi, lori zima likacheka kwa uchungu, na kutoka hapo mpaka juzi baba yangu hakuitwa Florian na mtu yeyote isipokuwa mama yake, mke wake, kaka yake na Kanisa.

Bwana wa kiwanda alisema kipa hapana, beki nimempenda. Baba Mkubwa alianza kazi Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 1989, akafanya kazi miaka ishirini na mmoja, na kwa kazi hiyo wadogo wote watano walisoma, na baadaye, kwa mafao yake, mimi pia nilisoma hadi chuo kikuu, jambo ambalo sijawahi kulisahau na leo ninalikumbuka zaidi.

Marehemu alihamia Musoma, mtaa wa Bweri, mwaka 1991, akajifunza ufundi viatu sokoni, na pamoja na viatu alishona mipira ya ngozi ya shule za msingi, akikataa malipo kwa kazi ya mipira. Wateja walimwambia, "Mlenda, huo ushone vizuri usikuponyoke," naye alijibu, "Nimeufunga kamba safari hii," na akaendelea kuvuta uzi. Alikuwa mtu wa utani kweli, lakini mimi niliyekaa naye kibandani wakati wa likizo niliona kwamba kila alipoitwa hivyo mkono wenye sindano ulisimama kidogo kwanza.

Alifunga ndoa na mama yetu, Ursula Eliasi wa Kiriba, tarehe 24 Juni 1995. Siku ya kupeleka posa, babu yetu Mzee Eliasi, ambaye alikuwa Bunda siku ile na alikuwa upande wa Butiama, aliwaacha washenga wamalize maneno yao yote, kisha akauliza, "Huyu kijana binti yangu atamshika kweli, au na yeye tutamwokota wavuni?" Kikao kilivunjika kwa kicheko, na posa ikapokelewa, na mama anasema baba alicheka kuliko wote, ila washenga walisimulia kwamba njiani kurudi alitembea mbele yao peke yake kutoka Kiriba mpaka Bweri. Walijaliwa watoto watatu, Nicolaus mwaka 1996, mimi mwaka 1999 na Gloria mwaka 2004, na shuleni sote tuliitwa watoto wa Mlenda.

Mwaka 2003 alijaribu kuondoka. Alikodi shamba Suguti, ambako alidhani hajulikani, akapanda mahindi, na siku ya tatu watoto waliokuwa wanakwenda kuchota maji walimsalimia, "Shikamoo Mzee Mlenda." Alirudi Bweri baada ya mavuno na kumwambia mama, "Nimelikimbia jina, nimelikuta limefika kabla yangu, limekaa kwenye kiti linanisubiri." Hakujaribu tena.

Mpira aliupenda, ila hakuwahi kuangalia mechi mpaka mwisho, zikibaki dakika kumi alitoka nje. Jumapili, tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars walipoifunga Uganda tatu bila na kwenda Mataifa ya Afrika baada ya miaka thelathini na tisa, Bweri nzima ilikuwa barabarani na bodaboda zilipiga honi mpaka zikachoka, na yeye nilimkuta nyuma ya nyumba anaangalia mihogo, akaniuliza, "Wamemaliza?" Wiki hiyo hiyo kwenye banda la kuonyeshea mpira watu walikaa kupanga mechi zisizosahaulika, namba moja wakaweka ile ya Taifa Stars, na namba mbili, mbele ya fainali zote za dunia walizoziona kwenye runinga, wakaweka Bunda 1989. Nadhani hawakumaanisha ubaya, waliipenda, lakini mtu mmoja alikuwa amefungiwa ndani ya mechi hiyo na hakuna aliyemtafutia mlango.

Marehemu alianza kuumwa mwezi Februari mwaka huu wa 2025, miguu ikavimba, na tarehe 3 Machi vipimo vikaonyesha kwamba figo zimeshindwa. Alilazwa mara tatu mjini Musoma na mara moja Mwanza. Alasiri ya tarehe 19 Mei, nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, mgonjwa wa kitanda cha pili, Mzee Makongoro wa Bunda, alianza kuwasimulia wagonjwa wengine mechi kubwa kuliko zote alizowahi kuona. Hakumjua baba, ambaye alikuwa na dripu mkononi na hakuweza kutoka nje kama alivyozoea.

"Yule kipa sijui alikuwaga na mafuta mikononi," Mzee Makongoro alisema. "Mpira umemfikia hivi, kifuani, akauachia kama mtu anayetua mzigo."

Baba alisema, "Alikuwaga mtu wa Butiama yule."

"Kumbe na wewe uliiona?"

"Niliiona kwa karibu," baba akajibu, na wodi nzima ikaendelea kucheka, naye akageukia ukutani.

Jioni ile aliniambia jambo ambalo kwa karibu miaka thelathini na sita hakumwambia hata mama. Alinieleza kwa utaratibu, nani alisimama wapi, kisha akasema, "Mpira ule sikuugusa." Nilipotaka kujua kwa nini alinyamaza, alisema hakuna aliyemuuliza, kila mtu alikuwa ameshaona. Halafu akanishika mkono na kuniambia, "Bonifasi akiwa hai, usiseme. Ukisema utakuwa umenifunga goli la pili." Nikaahidi.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nane na dakika ishirini mchana, mama akiwa amemshika mkono wa kulia na Nicolaus wa kushoto. Saa kumi na moja jioni fundi wa msalaba, kaka Danford wa Bweri, alinipigia simu kuuliza jina, akasema, "Niandike na Mlenda kwenye mabano? Bila hivyo watu hawatamjua," na mimi nikamwambia asubiri.

Kabla ya aya ya mwisho naomba nitoe shukrani, kwa sababu baada yake sidhani kama sauti yangu itatosha. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Musoma na Mwanza, majirani wa Bweri waliolala nasi kwenye mkeka tangu Jumanne, mafundi viatu wa sokoni waliofunga vibanda vyao leo, walimu walioleta mipira ile aliyoishona na kuipanga pale kando ya jeneza, na Mzee Makongoro, ambaye ametoka hospitali juzi na amekuja kutoka Bunda baada ya kusikia nani alikuwa kitanda cha jirani yake, mzee wetu, tunakuomba usijilaumu, ulisimulia ulichokiona.

Kwetu historia ya marehemu haisomwi mpaka mkubwa wa familia ameipitia. Usiku wa siku aliyofariki niliandika yote mliyoyasikia hadi mwaka 1988, nikaandika na kuanzia 1991, ila bila maneno ya wodini, na katikati nikaacha mistari sita mitupu, kwa sababu kuandika kwamba alifungwa kwa uzembe ulikuwa uongo, na kuandika ukweli kulikuwa kuvunja ahadi na kumwaibisha mzee aliyenisomesha, mbele ya kaburi la mdogo wake. Asubuhi yake, Jumatano tarehe 11 Juni, nilipanda gari la kwanza kuja Butiama, na saa mbili na nusu nilimkuta Baba Mkubwa zizini, nikampa karatasi. Alivaa miwani, akasoma taratibu kwa kidole, akanirekebishia tarehe ya kifo cha babu, na kidole kilipofika kwenye mistari mitupu kikasimama.

"Hapa mbona wazi?"

"Sikujua niandike nini, Baba Mkubwa."

"Alikwambia?"

Nikageuza macho zizini. Ng'ombe wakaanza kutoka wenyewe bila kuswagwa, kisha Baba Mkubwa akasema, "Lete kalamu." Aliandika akiwa amesimama, karatasi ikiwa juu ya nguzo ya zizi, akanirudishia na kusema, "Usome kama nilivyoandika, usininyooshee." Aliyoyaandika ni haya, nayasoma kama yalivyo.

"Mimi Bonifasi Mugeta, beki namba tatu. Mdogo wangu aliita niache. Nilimsikia. Nikataka yule bwana wa kiwanda aone ni mimi nimeokoa. Mpira ulinigonga pajani ukaingia. Yeye hakuugusa. Nilingoja aseme, hakusema, na mimi nikaona kazi imekuja na wadogo wana njaa nikanyamaza, na kila mwaka ukawa mgumu kuliko uliopita. Jina lile ni langu. Naomba mnipe."

Nilikunja karatasi nikaiweka kifuani, nikamshika miguu Baba Mkubwa, naye akaniinua na kuniambia niwahi gari. Saa nne na robo, nikiwa bado kituoni, nilimpigia kaka Danford na kumwambia kwenye msalaba aandike Florian Mugeta, 17 Machi 1966 hadi 10 Juni 2025, bila mabano.

Lala, Baba. Mikono yako ilikuwa mikavu.