Miguu Mitupu Nyuma ya Karakana

Kabla sijamsalimu mtu kwa cheo chake, naomba nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu aliyekaa safu ya tatu, na ambaye naona ameanza kunitolea macho. Hesabu, ambayo ndiyo sababu ya mimi kuitwa mbele yenu leo, sikujifunza peke yangu. Nilijifunza pamoja na mtu mmoja wa hapa shuleni ambaye sijawahi kumwona.

Sasa niwasalimu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wahitimu wenzangu: shikamooni kwa wakubwa, na kwa wenzangu, mambo mnayajua. Wadogo zetu wa madarasa ya chini wametolewa kwenda kunywa soda bwaloni, na nimemwomba mwalimu wa zamu awakawize huko. Mtaona kwa nini.

Wanaonifahamu wanajua kwamba darasani niliitwa Kimya. Mwalimu wa darasa aliponiambia nitatoa hotuba ya wahitimu, nilitikisa kichwa kukataa, yeye akaandika kwamba nimekubali. Basi nisameheni sauti yangu ikiwa ndogo. Ndiyo yote niliyo nayo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, katika hotuba yako umetutangazia kwamba kuanzia muhula ujao juu ya ile sakafu ya saruji nyuma ya karakana ya useremala, iliyobaki ya jengo la zamani, litajengwa darasa la masomo ya ziada, na mapumziko ya wadogo yatakuwa muda wa kusoma, ili wafike juu zaidi kuliko sisi. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana mikono yangu ina adabu kuliko moyo wangu. Lakini je, nani kati yetu amewahi kukaa pale akasikiliza kinachofanyika? Nakuomba kwa heshima yote unisikilize, halafu uamue.

Pale ndipo wasichana wa shule hii huruka kamba, na huruka kwa hesabu. Kamba ikipiga chini unatoa jibu: mbili mara moja, mbili, mbili mara mbili, nne. Ukimaliza jedwali la mbili unapanda la tatu, hivyo hivyo hadi la kumi na mbili. Ukikosea, au kamba ikikunasa mguu, unatoka, unashika ncha, na aliyekuwa anazungusha anaingia. Aliyemaliza la kumi na mbili yuko huru. Anakwenda zake, na siku hiyo hazungushi tena.

Mimi nilipenda kuzungusha tu, kwa sababu anayezungusha haangaliwi na mtu.

"Kimya, ingia basi, au miguu umeiacha nyumbani?" wenzangu walinitania.

"Mwacheni, huyo ni nguzo. Nguzo mmeona wapi inaruka?"

Nilicheka nao. Ukweli ni kwamba nilijua nikiingia nitafika jedwali la saba, na kwenye saba mara nane nitasimama kama mbuzi barabarani. Nane hiyo ilinishinda kabisa.

Siku moja, nikiwa darasa la nne, kengele ililia, wote wakakimbia, tukabaki wawili kukunja kamba: mimi na rafiki yangu tuliyemwita Redio. Wenzangu mnacheka, mnajua jina hilo alilipataje. Tukaizungusha mara chache ikiwa tupu, kwa mchezo tu.

"Acha kupiga mguu," Redio akasema.

"Sipigi."

"Sasa nani anapiga?"

Tukatazama katikati. Kamba ilikuwa inapita, na kila ikipita, kitu kilitua juu ya saruji. Wazazi, sisi tunavaa viatu, ni sheria ya shule. Sauti ile ilikuwa ya miguu mitupu. Ilitua, ikatua, ikamaliza jedwali moja, ikavuta pumzi, ikaanza lingine. Hatukuweza kuacha kuzungusha. Halafu kamba ikasimama ghafla, kama inavyosimama ikimnasa mtu, ikakaa pale katikati yetu, imevutika, kimo cha kifundo cha mguu. Redio aliachia ncha yake. Kamba haikuanguka.

"Nimechoka, twende darasani," Redio akasema. Yeye, ambaye habari haifiki mjini kabla hajaitangaza, hajawahi kulitaja jambo hilo. Hata sasa naona anatazama viatu vyake.

Mtaniuliza kwa nini mimi sikukimbia. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimehesabu. Kamba ilisimama kwenye saba mara nane. Mtu akikwama pale pale unapokwama wewe, unamtambua hata kama humwoni, na ukishamtambua unashindwa kumwogopa sawasawa.

Kesho yake nilirudi peke yangu. Nilifunga ncha moja kwenye nondo za dirisha la karakana, nikashika ya pili, nikazungusha. Alikuja. Alipanda vizuri, tena kwa madaha, mpaka saba mara nane, akanaswa. Nikamwambia, na nilikuwa najiambia mwenyewe pia, "Ngoja tuigawe. Saba mara nne ni ngapi? Ishirini na nane. Sasa ishirini na nane nyingine juu yake." Siku ile nilijua jibu kwa mara ya kwanza maishani. Yeye hakulijua.

Hivyo ndivyo nilivyosoma, ndugu wageni waalikwa. Nilipanda darasa, na kila nilichofundishwa nilikipeleka nyuma ya karakana: sehemu, asilimia, baadaye milinganyo yenye herufi. Nilizungusha nikimweleza, na ili nimweleze ilibidi nielewe mimi kwanza. Wasichana wa rika langu waliacha kamba wakaanza kujitazama kwenye vioo. "Dada mzima na kamba," walisema, "utaolewa na kamba." Nami nikawa wa kwanza kwenye hesabu, muhula baada ya muhula, na kila muhula yeye alinaswa pale pale. Nikisimamisha kamba nasikia anahema.

Hapa nataka kumshukuru mwalimu wetu wa hesabu. Alizoea kusimama kwenye kona ya karakana na kikombe chake cha chai. Siku moja alinikuta nazungusha kwa kasi, nimeudhika, kwa sababu mtihani ulikuwa karibu na sikutaka kukwama tena. Aliitazama kamba, akatazama chini, pale katikati, kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Usimharakishe," akanywa chai yake, akaondoka. Mwalimu, sikukuuliza siku ile ulimaanisha nani, na leo mbele za watu sitakuuliza. Nasema ahsante.

Kwenye chumba cha mtihani wa mwisho kulikuwa na swali lililonigomea. Nikaanza kugonga meza kwa kidole, taratibu, kama kamba inavyopiga chini, na jibu likaanza kuja hatua kwa hatua. Msimamizi akanijia. "Wewe binti, unasumbua wenzako." Nikaacha kugonga. Sauti iliendelea kidogo, chini ya meza, mpaka nilipomaliza kuandika. Msimamizi alinikazia macho, akaiona mikono yangu yote miwili juu ya karatasi, akarudi kwenye kiti chake, na hakunisogelea tena.

Nilimaliza shule, basi, nikamwacha kwenye saba. Lilinikaa rohoni. Yeye aliniongoza mpaka huku juu, mimi nikashindwa kumpandisha hata ngazi moja.

Wiki iliyopita mama mkubwa, ambaye ni fundi cherehani na ambaye yeye na mama yangu walisoma shule hii hii, alikuwa ananipima gauni hili. Alikuwa na pini mdomoni, amepiga magoti anakunja pindo. Akaniuliza, "Bado mnaruka kamba kule nyuma ya karakana?"

"Bado, mama mkubwa."

"Na yule anayekwamia kwenye tatu?"

Nilihisi baridi kuanzia kwenye pindo kupanda juu.

"Sisi tulimwacha kwenye tatu," akasema. "Simama wima, pindo litaenda upande."

Hakusema zaidi, nami sikumwuliza. Lakini nililala nikifikiri. Kama kwao alikwamia kwenye tatu, na kwangu kwenye saba, basi katikati yetu wapo wasichana waliompandisha la nne, la tano, la sita. Siwajui. Huenda wengine ni mama zenu, huenda wamekaa hapa. Naona baadhi yenu mmeacha kujipepea na karatasi za ratiba. Mlidhani ni nyinyi peke yenu mliosikia?

Juzi nilikuja kurudisha vitabu wakati wa mapumziko, nikapita kule. Matofali yameshashushwa, na mifuko ya saruji imefunikwa kwa turubai. Katikati ya vitu hivyo, wasichana wawili wadogo walikuwa wanazungusha kamba, na hakukuwa na mtu ndani yake.

"Mbona hakuna anayeruka?" nikawauliza.

"Tunapumzika, dada," akajibu yule mrefu.

"Mnapumzika huku mnazungusha?"

Yule mfupi, mwenye pengo, akasema, "Ameshavuka saba."

"Nyamaza wewe."

"Si dada tu huyu? Ameshavuka saba, dada. Sasa yuko kwenye nane, ila anachoka haraka."

Ilibidi nikae juu ya matofali. Nilisikiliza. Nane mara mbili, nane mara tatu, miguu mitupu juu ya saruji, polepole, kama ya mtoto anayepanda ngazi gizani kwa kupapasa. Nikawauliza walifanyaje, kwa sababu mimi nilijaribu miaka yote ile.

"Akinaswa hatumtoi," yule mwenye pengo akasema. "Tunalegeza kamba, anarudia hapo hapo. Dada, kwani nyinyi mlikuwa mnamtoa?"

Ndiyo, tulikuwa tunamtoa. Ilikuwa sheria ya mchezo. Akinaswa nilisimamisha kamba, na kesho nilimwanzisha mwanzo kabisa, mbili mara moja. Miaka yote hiyo alipanda ngazi zile zile, kila akifika pale nilipomwangusha anakumbuka kuanguka. Mimi niliyesifiwa kwa hesabu sikuliona hilo. Waliliona watoto wawili, kwa sababu walikuwa wanacheza na walitaka mwenzao aendelee kucheza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikatai masomo ya ziada. Nimeyasoma na yamenifaa. Lakini mtoto hafiki juu kwa kuondolewa pale anapoweza kukosea bila kutolewa nje. Yamebaki majedwali machache. Sijui alikuja lini hapa, wala jengo lile la kwanza lilikuwa la nini, na akimaliza la kumi na mbili sijui atakwenda wapi. Najua tu kwamba anayemaliza anaruhusiwa kuondoka. Na sijui itakuwaje mkijenga juu yake akiwa kwenye nane. Madawati mtayapanga, watoto watakaa, mwalimu ataandika swali ubaoni, na darasa zima litakwama kwenye swali moja, siku baada ya siku, huku chini ya madawati kitu kinatua, kinatua, kinasimama. Mwalimu gani wa ziada atalielewa hilo?

Darasa linaweza kujengwa upande wa lango, ambako kuna uwanja mtupu unaoota nyasi. Waachieni wadogo ile sakafu na mapumziko yao. Hilo tu ndilo ombi la wahitimu wa mwaka huu, ingawa wahitimu wenyewe ndiyo kwanza wanalisikia.

Nawashukuru walimu mlionifundisha ndani ya darasa. Namshukuru mama, na mama mkubwa kwa gauni. Namshukuru Redio, ambaye amenyamaza mara moja tu maishani na akachagua vizuri.

Nasikia wadogo wanarudi kutoka bwaloni, kwa hiyo naharakisha la mwisho. Haya niliyoyasema, naomba yabaki kwetu sisi tuliomo ukumbini. Msiwasimulie majumbani. Hawa watoto hawaogopi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni jambo la kuogopwa. Wakiambiwa, watatupa kamba, na atabaki amesimama pale peke yake. Hata mkiwakuta wanazungusha kamba tupu, wasalimieni, mpite zenu. Tafadhali msimwambie mtu.

Mmenisikiliza kwa utulivu mkubwa kuliko nilivyotegemea. Asanteni sana.