Marehemu Telesphory na Kengele Iliyoviringishwa Kanga

Baba Paroko, wazee wangu, majirani wa Mwandiga na ndugu zetu mliovuka ziwa, shikamooni, mwakeye, poleni. Mimi ni Edina, mtoto wa kaka yake marehemu, nimepewa kusoma historia hii kwa sababu, kama alivyosema baba yangu jana, graduate wa ukoo hana kazi nyingine.

Baba mdogo Telesphory alizaliwa Ilagala tarehe 9 Juni 1968, mtoto wa nne wa Mzee Yona na Bibi Recho, akasoma shule ya msingi hapohapo, kisha chuo cha ufundi Mwanza, akahitimu na cheti cha umeme mwaka 1988, enzi ambazo cheti kilikuwa bado kinampa mtu kazi.

Mwaka 1996, wakimbizi walipokuwa wanashuka ufukweni kila siku, aliajiriwa na shirika moja la misaada mjini Kigoma, akitunza jenereta, na baadaye kengele za hewa ya sumu katika nyumba za wafanyakazi, na shirika lilipofunga ofisi hiyo alipewa kengele moja, akaitundika nyumbani kwake, chumba cha uani, usawa wa mto wa kitanda, majirani wakamcheka kwamba ameleta televisheni isiyo na picha.

Tarehe 17 Oktoba 1998 alifunga ndoa na mama mdogo Skolastika, wakajaliwa watoto wawili, Vedasto na Sia, na Julai 2015 wakampokea Leonia, mpwa wa mama mdogo, aliyetoka Burundi na mimba changa na mfuko mmoja wa nguo, ambaye tulimpa chumba hicho cha uani.

Leonia alijifungua mwishoni mwa Februari mwaka huu, na kama ilivyo desturi yetu mzazi akawekewa jiko la mkaa chumbani, dirisha likazibwa mvua isiingie, na siku ya tatu kengele ikalia. Bibi Recho akasema, "Kitu hiki kinamtisha mtoto, na moshi wenyewe uko wapi?" Wakaivua ukutani, wakaiviringisha kanga, wakaifungia ndani ya sanduku la chumbani humohumo.

Naomba mnisikilize hapa. Mkaa uliokolea hautoi moshi, lakini hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu mahali pa hewa safi. Ndani ya kengele kuna kiseli kidogo, mfano wa betri, hewa hiyo ikikigusa kinatoa umeme kiduchu, hewa ikizidi umeme unazidi, na saketi inapima kiasi na muda, ndipo inapiga mlio. Kengele hainusi moshi. Haibahatishi.

Wiki nzima waliokaa chumba kile waliumwa vichwa, tukasema malaria, tukanunua dawa mseto. Jumatatu tarehe 14 Machi 2016 Leonia alimpeleka mtoto kliniki, na Baba mdogo, aliyerudi safari ya Simbo ameloa na anatetemeka, akalazwa chumba hicho, na kwa upendo mtupu akasogezewa jiko, mlango ukafungwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kengele iko sandukuni, naye alikuwa na homa, hakutazama ukuta.

Mchana huo jirani yetu Mama Marcelina alisikia kilio chembamba, akasema, "Kachanga kanalia, mama yake yuko wapi?" Kachanga kalikuwa kliniki. Baba mdogo alifikishwa hospitali akiwa amekwisha kukata roho, na daktari wa zamu akauliza kama kulikuwa na jiko chumbani.

Jana alasiri mlio ule ulisikika tena, na humu msibani kuna waliokimbia, wakanong'ona kwamba marehemu anaita. Nilifungua sanduku. Akina mama walikuwa wameingiza jiko chumbani kwa sababu ya baridi, na mtoto wa Leonia alikuwa amelala humo. Nimeirudisha ukutani, na nimezibua dirisha. Bibi, shikamoo, sikulaumu, ila ukiisikia usiniulize moshi uko wapi, mchukue mtoto utoke.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, majirani wa Mwandiga, na wafanyakazi wenzake wa zamani waliobeba jeneza.

Baba mdogo, kengele yako ililia sandukuni, tukadhani ni mtoto. Uruhukire mu mahoro, pumzika kwa amani, dirisha liko wazi.