Mume wa Bibi Nyundo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo namkumbuka fundi wa masufuria tuliyemwita Bibi Nyundo. Amekufa kwa kupigwa tofali kichwani. Narudia: hakuugua. Alipigwa tofali.

Mjukuu wake aliletwa kwake baada ya kufukuzwa shule kwa kupigana. Siku ya kwanza tu akaupiga mlango teke, bawaba zikang'oka. Bibi akamtazama.

"Karibu, mume wangu. Mkeo sina meno, tutakunywa uji."

"Mimi si mume wa kikongwe!"

"Haya, nimeachika kabla ya kuolewa." Akamsukumia nyundo na sufuria lililobonyea. "Lipige hili. Halina mama wa kulilia."

Kijana akagonga mpaka viganja vikatoa damu. Kesho yake akagonga tena. Pole pole mkono ukajua kunyoosha badala ya kuvunja. Ikawa asubuhi yeye ndiye anayeanza: "Mke wangu, chai iko wapi?" Mama yake aliniambia, "Walitaniana hao, mpaka mimi mtoto wa kuzaa nikaona wivu."

Halafu simu ikapotea sokoni. Mtu akapiga ukelele: mwizi! Kijana alikuwa anapita na masufuria ya wateja. Akapigwa, akayatupa, akakimbilia kwa bibi yake huku damu zinamtoka puani. Umati nyuma, na marungu. Wakambwaga pale pale kizingitini. Bibi akajitupa juu yake.

"Mume wangu huyu! Nimalizeni mimi kwanza!"

Wengine wakacheka. Mmoja akarusha tofali.

Simu ilikutwa baadaye chini ya gunia la mwenye simu mwenyewe.

Tofali lilipotua, watu walirudi nyuma. Kijana akainuka na nyundo ya bibi iliyokuwa pale mlangoni. Aliyerusha alikuwa mbele yake, ameganda. Bibi, macho yamejaa damu, akashika pindo la suruali ya mjukuu.

"Mume wangu, nyundo hiyo ya sufuria."

Hakusema lingine tena. Kijana akaiachia nyundo. Narudia, wapendwa: akaiachia.

Nilipokwenda kumpa pole, aliniambia, "Mtangazaji, wote wananipa pole ya mjukuu. Mimi ni mgane." Nilitaka kucheka, nikalia.

Poleni sana, familia. Pole, mgane wetu.

Nawe kijana unayenisikiliza, kama bibi au babu yako yumo chumba cha pili, nizime mimi. Nenda kamtanie.